Jicho la Mkimbiaji

Asubuhi ile nilitoka Erdington na begi langu begani, sijui ninakoelekea. Chumba nilichokuwa nikikaa kilikuwa kimenichosha, au mimi nilikuwa nimekichosha. Vyumba na mimi hatuzoeani. Nilipanda treni ya kwanza iliyofika, nikashuka na watu wengi katikati ya Birmingham, na mvua ilipoanza nikaingia katika jumba la sanaa kwa sababu mlango ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na joto. Unanijua, rafiki yangu. Skuli niliiacha mapema, lakini sipiti penye maandishi ukutani bila kuyasoma.

Maonyesho yalihusu michezo ya nchi za kijamaa na jinsi wasanii wa leo wanavyoichora. Kulikuwa na mabango ya zamani ya wanawake warusha kisahani wenye mikono kama ya wachukuzi wa bandarini, na wafanyakazi wa kiwanda wakinyoosha viungo mbele ya mashine zao. Maandishi yalisema kwamba mwili wa mwanamichezo wa kule haukuwa wake peke yake, ulikuwa mali ya umma. Upande wa pili zilitundikwa kazi za siku hizi: mwogeleaji aliyesimama ndani ya bwawa kavu, uwanja mtupu ulioota majani. Wasanii wengine waliicheka zama ile, wengine waliililia. Mimi niliona jambo moja tu: katika picha zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyebanwa na mkojo.

Sisi tulibanwa. Kule Unguja, sikukuu ya taifa ikikaribia, skuli yetu ilikaa jukwaani tangu asubuhi kufanya mazoezi ya halaiki. Kila mtoto alikuwa na kitabu kikubwa cha kurasa za rangi. Mwalimu wetu alisimama chini uwanjani na bendera. Akiinua nyeupe tunafungua ukurasa huu, akiinua nyekundu tunageuza, na jukwaa zima linakuwa picha moja: jua, kisha mkarafuu, kisha mkimbiaji aliyeshika mwenge. Mtaalamu Mkorea aliyemfundisha mwalimu alijua maneno matatu ya Kiswahili, na yote yalikuwa "geuza". Bado nasikia mlio wa kurasa zile zikigeuka pamoja, kama kundi kubwa la ndege linaloruka. Bado naonja chai ya tangawizi tuliyogawiwa kwenye vikopo vya bati, na andazi gumu ambalo bibi yangu alisema lingefaa kujengea msingi.

Mwalimu alipenda kutuambia, "Hapa hakuna mimi, kuna sisi. Mmoja akikosea, tumekosea sote." Nilimwamini. Mimi nilikuwa jicho la mkimbiaji, na sijawahi tena kupewa cheo kikubwa kama kile.

Vitabu alivitengeneza mwalimu mwenyewe, akibandika karatasi za rangi kwa gundi ya uji wa muhogo. Siku ya sikukuu ikaanguka mvua ndogo, ile isiyomfanya mtu akimbie. Gundi ikalainika. Kurasa za watoto wengi ziligandana, lakini nani ataona kijani kilichokosewa katikati ya majani? Mimi nilikuwa jicho. Bendera nyekundu ilipoinuka nilivuta ukurasa mweusi, haukutoka. Nikabaki na manjano ya jua. Mkimbiaji akatokea mbele ya wageni wote akiwa kipofu. Mwalimu alishusha bendera, akaiinua tena, na mimi nilikuwa navuta kwa kucha na meno.

Wakubwa wa sherehe walipomuuliza, mwalimu hakusema "sisi". Alisema "yeye". Alisema nimefanya hujuma, na kwamba mjomba wangu alikuwa amevuka kwenda Mombasa bila ruhusa, kwa hiyo ni damu ile ile. Nikafukuzwa skuli.

Bibi alikikagua kile kitabu jikoni kwetu. Alikwangua gundi, akaiweka ulimini. "Uji mwepesi huu," alisema. "Hata mgonjwa ungemtia aibu." Akajifunga kanga, akakichukua kitabu, akaenda skuli kumweleza. Mwalimu alimwacha asimame juani mpaka adhuhuri, kisha akamwambia, "Bibi, hili ni jambo la serikali, si la jikoni." Tangu siku ile bibi hakupita tena njia ya skuli, hata kwenda sokoni. Alizunguka kwa nyuma, na kikapu kichwani, mpaka alipofariki. Mimi nilipata meli, kisha miji. Kufukuzwa nilikwisha kuzoea. Njia ile ya nyuma ya bibi yangu sikuisamehe.

Sasa nikuambie nilichokikuta kwenye ukumbi wa mwisho. Jukwaa la mbao, viti, na juu ya kila kiti kitabu cha rangi. Ukutani, picha ya mkimbiaji mwenye mwenge. Msanii wa kike, Mwingereza kijana, alikuwa akiwaomba wageni wakae wawe halaiki. Kamera ingewapiga na picha yao ionekane kwenye skrini kubwa. Na chini, mbele ya viti, kwenye kiti cha magurudumu, akiwa na bendera mbili mapajani, alikaa mwalimu wangu, aliyealikwa na msanii awaongoze. Nilisikia miaka mingi kwamba yuko mji huu kwa binti yake muuguzi. Sikumtafuta. Lakini nilipomwona, nilijua kwamba nilikuwa nimemngoja.

Mlinzi wa ukumbi, mama Mkenya, aliniona nimeganda. "Mzee wangu, kaa tu, ni bure. Wanatafuta watu."

"Jicho ni kiti kipi?"

"Eh, na wewe unajua kuchagua." Akanionyesha. Mzungu mmoja alikuwa amekikalia. Nilimwomba anipishe, akanipisha.

Bendera nyeupe ikainuka, tukawa jua. Bendera nyekundu ikainuka. Kurasa zikageuka, mlio ule ule wa ndege, na moyo wangu ukaruka nao, siwezi kukudanganya. Wangu sikuugeuza. Kwenye skrini mkimbiaji alitokea mzima, ana mwenge, ana misuli, ana jicho la manjano.

Mwalimu alishusha bendera. Akaiinua tena. Kisha akasema kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti, "Wewe wa jicho. Geuza."

"Zimegandana, mwalimu," nikasema. "Uji mwepesi."

Mkono wake ulishuka polepole. Alinitazama, na nikaona sura yake ikinitafuta miongoni mwa watoto wote aliowafundisha, na ikanipata. Mlinzi alicheka mlangoni, akadhani ni mzaha, kisha akaacha. Watu walipiga makofi. Msanii alifurahi kuliko wote. Alisema jicho lile ndilo lililokosekana katika kazi yake, na tangu leo mkimbiaji atabaki hivyo kila siku ya maonyesho, saa nne, mzee wetu wa bendera akiwepo kupeperusha.

Nilishuka kumwamkia, kwa sababu nililelewa. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bibi yako yuko?"

"Hayuko."

"Unga ule wa gundi tuliula," akasema, akizitazama bendera. "Nyumbani hakukuwa na kitu."

"Na kwetu hakukuwa na kitu. Hatukumtoa mtoto wa mtu skuli."

Alingoja neno jingine kutoka kwangu. Nilijaribu kutafuta huruma, nikakuta njia ya nyuma na kikapu kichwani. "Kesho saa nne, mwalimu," nikasema. "Wamekupangia kesho saa nne. Usichelewe kuliona jicho."

Mlinzi aliniuliza ninalala wapi, kwa sababu ya begi. Nilipomwambia sijui, alimpigia jirani yake simu, na jioni nikawa mtaa wa Bordesley Green, mbele ya mama Mkongo mwenye chumba juu ya ngazi. "Papa, hapa tunavua viatu," akasema, "na jiko ni la wote." Kitanda, dirisha, pazia lisilofika chini. Nimelala pabaya zaidi ya hapo.

Nimekaa kitandani sasa nakuandikia. Jukwaa letu la zamani nimesikia lilivunjwa. Mkarafuu wa karatasi, vikopo vya bati, mtaalamu wa "geuza", mikono yetu mingi iliyokwenda kama mkono mmoja: hayo yote yamekwenda, na ninayatamani kuliko ninavyopenda kukiri. Huko chini mama Mkongo anachemsha muhogo, naisikia harufu mpaka huku. Nilifukuzwa kwa kosa ambalo sikulitenda, nikaishi adhabu yake yote. Leo nimelitenda. Bibi, njia ya mbele iko wazi.