Kitabu cha Mbuzi Kisicho na Maneno

Wino mpya wa kitabu una harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na gundi. Juzi nilifungua katoni ya vitabu vya shule vya mwanangu, harufu ile ikanipiga usoni, nikalazimika kutafuta kiti. Mtanisamehe. Kuna watu hulizwa na nyimbo, mimi hulizwa na wino.

Tuliishi Guangzhou miaka ile ya elfu mbili, wakati ukilala pakiwa uwanja unaamka pana ghorofa. Baba alikuwa anasoma chuo kikuu kwa ufadhili. Mama, mzaliwa wa Singida asiyejua kukaa bure, alinunua nguo katika soko la Shisanhang na kuzituma Dar es Salaam. Jirani yetu alikuwa Anti Sudha, Mhindi wa Chennai, aliyetumwa na wachapishaji wadogo wa vitabu vya watoto kusimamia uchapaji viwandani. Vitabu vyao vilitoka kwa lugha nyingi, na walikuwa na utaratibu wao: picha huchapwa kwanza na rangi zake zote, mahali pa maneno pakaachwa peupe, kisha Kitamili, Kihindi au Kiingereza hupigwa kwa wino mweusi juu ya picha zilezile.

Siku moja alinipa nakala ya majaribio, isiyo na neno hata moja. Ilikuwa na msichana mwenye msuko mrefu, anamkimbiza mbuzi mweusi sokoni katikati ya vitambaa na maua.

Mama alikichukua kitabu kile, akanikalisha ubavuni, akampakata mdogo wangu Baraka, ambaye hata meno yalikuwa hayajamtoka, akaanza kusoma. Narudia: kusoma. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi nyeupe kana kwamba maneno yapo. Mbuzi akawa wa Singida, mkaidi, akaingia dukani kifua mbele. "Laoban, bosi wangu, punguza bei!" Laoban akapunga mkono: "Meiyou, meiyou, hakuna cha kupunguza!" Basi mbuzi akaanza kutafuna bidhaa, na bei ikashuka yenyewe. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Anti Sudha aliponiambia mbuzi yule ni Mtamili, niligombana naye kabisa. Mimi nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akisema Kiswahili.

Baadaye Mama akaanza kukonda. Akaacha kwenda sokoni, akawa mtu wa kitandani, na nikitoka shule ananiita.

"Leo nisomee wewe."

Nilisoma. Nikiruka ukurasa, ananirudisha. "Haraka haraka haina baraka, na Baraka mwenyewe ndiye huyu anakusikiliza. Mbona laoban wako mpole hivyo? Mfanye mkali, mwanangu! Na unaposoma mwangalie mdogo wako usoni, usiangalie kitabu."

Tulifanya hivyo kila alasiri, mpaka nikajua kila mahali ambapo Mama mwenyewe huvuta pumzi na kucheka akisoma. Mimi nilidhani ni mtihani, nikajisifu kwamba nimefaulu.

Kisha akafunga sanduku. Wafanyabiashara wa kwetu walikuwa na desturi: kontena likishapakiwa bandari ya Huangpu, mmoja hutangulia kwa ndege akaupokee mzigo nyumbani, maana bandarini mali isiyo na mwenyewe haina heshima. "Nakwenda kupokea mzigo," akaniambia. Nilikuwa nimemwona akienda hivyo mara nyingi na akarudi. Nikamwagiza ubuyu.

Hakurudi. Simu ilimkuta Baba jikoni, na wali ukaungua mpaka Anti Sudha akaja mbio akifuata moshi. Yeye ndiye aliyetukumbatia, kwa sababu Baba alikuwa ameketi sakafuni na hakuweza kuinuka. Nililia kwa hasira. Nilimtaka Mama yangu, si mtu mwingine yeyote, na wakubwa wote wale hawakuweza kunipa.

Baba alikwenda kuzika, sisi tukabaki kwa Anti Sudha. Baraka alilia mfululizo, akakataa maziwa, akakataa kubebwa. Nikafungua kile kitabu, nikamwangalia usoni, nikaanza kusoma. Alinyamaza. Nilimsomea siku ile na siku zilizofuata, mpaka akakua na kuongea vizuri. Anti Sudha alipotuletea nakala iliyokamilika, Kitamili juu na Kiingereza chini, Baraka aliisukuma. "Hiki kimechafuka," akasema. Maskini Anti, alicheka huku anafuta machozi.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza Baba ule mzigo wa mwisho uliishia wapi.

"Mzigo gani, mwanangu? Mama yako alikuwa ameshaacha biashara. Madaktari walikuwa wameshatuambia. Alitaka akalale kwao."

Hapo ndipo nilipozielewa zile alasiri. Mama hakuwa ananifundisha kitabu. Alikuwa ananikabidhi mtoto.

Mwaka jana Baraka alioa. Alisimama mbele ya wageni akasema Mama alimwacha akiwa mdogo mno, hata sura yake hana, ila kitu kimoja hakijamtoka: sauti yake akimsomea kitabu cha mbuzi. Ukumbi mzima ulipangusa macho. Mimi niliinamia sahani yangu. Sauti anayoikumbuka ni yangu. Sikumwambia, na sitamwambia kamwe, maana ndiyo yote aliyonayo. Ile ya Mama mwenyewe nimeipoteza. Nikifumba macho kuitafuta, namsikia mtoto wa miaka minane akijitahidi kuwa laoban mkali.