Mtori wa Elieshi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kila kitu. Usicheke. Nilikuwa nimepata kipaimara, nilisoma Biblia bila kufuata mstari kwa kidole, na kati ya wanawake wa kanisa letu, huku juu ya Kikatiti, mimi ndiye niliyeitwa barua zikifika. Mwingereza alikuwa amewachukua vijana wengi kwenda vitani, na wake zao walikuja kwangu niwasomee na kuwaandikia majibu. Sifa zilinipanda kichwani.

Rafiki yangu Elieshi alijifungua mtoto wa kiume mume wake akiwa keya, jeshini huko ng'ambo. Kwa desturi yetu mzazi hashiki kazi. Hukaa ndani miezi mitatu, na wanawake humpelekea chakula kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Nilimpikia mtori mzito, ndizi na mifupa ya ng'ombe, na kusema kweli niliupika vizuri.

Mtoto alikaa wiki tatu tu. Homa ilimchukua kati ya asubuhi na adhuhuri, hata mchungaji hajapita kumbatiza. Tulimzika mgombani nyuma ya nyumba.

Alhamisi ikafika, sikupika. Niliona mtori ni wa mwenye mtoto. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikachukua Biblia, nikaenda. Elieshi alikuwa amelala amegeukia ukuta. Nikamsomea muda mrefu, kisha nikaanza kumweleza. Nilimwambia kwamba Mungu humjaribu ampendaye, kwamba amechukua kilicho chake, na kwamba ashukuru maana yeye bado kijana, atazaa wengine. Naona aibu hadi leo kuyataja. Elieshi akajifunika kichwa. Nikatoka nikijiona nimefanya kazi ya Bwana.

Hakula siku ile wala zilizofuata. Mama mkwe wake alisema uji unarudi kama ulivyokwenda, na sasa mwili umeanza kuchemka. Watu wakanong'ona kwamba atamfuata mtoto.

Jumapili baada ya ibada alinijia Mama Ndekirwa. Huyu alikuwa mjane, mmoja wa waliobatizwa mwanzo kabisa pale kwetu, na sote tulimwogopa kidogo. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza, "Mtori wa Alhamisi uko wapi?"

Nikamjibu kwamba mtoto si alishakufa.

"Mtoto amekufa," alisema. "Elieshi hajaacha kuwa mzazi. Maziwa yanamtoka, tumbo halijafungwa, na wewe umempelekea mahubiri."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunipa hata nafasi ya kulia. Alinipeleka mgombani kwake, akakata mkungu, tukamenya, tukapika. Tulipofika kwa Elieshi, Mama Ndekirwa hakuhubiri. Alimwinua, akamkanda matiti yaliyojaa kwa kitambaa cha maji moto, akamfunga tumbo kama anavyofungwa mzazi yeyote, kisha akachota mtori, akapuliza, akamlisha. Kijiko cha tatu Elieshi akaanza kulia, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya kuzika. Alilia huku anameza.

Alipotulia akauliza, "Mama, Mungu alikuwa wapi?"

Mimi jibu nilikuwa nalo, tena na mistari minne. Mama Ndekirwa akanitazama, nikanyamaza.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi nimezika watoto watatu na sijaambiwa sababu. Lakini Yesu alifufuka na makovu yake. Angeweza kuyafuta, akayaacha, na Tomaso akamjua kwa hayo. Basi na hili lako hatalitupa. Mimi njia ya kuja hapa nimeijua kwa sababu ya wale watatu."

Tuliendelea kupika kwa zamu mpaka miezi mitatu ikatimia, kana kwamba mtoto yupo. Elieshi akasimama. Siku moja akaniambia nilete kalamu, tumwandikie baba wa mtoto. Barua nilikuwa nimeshaitunga kichwani, imejaa maandiko. Akanikataza.

"Andika kwamba masikio ya mtoto yalikuwa yake," alisema. Nikaandika hivyo.

Miaka ikapita, Mwingereza bado yupo, mume wangu akaangukiwa na mti shambani, akafa. Nyumba ilijaa watu. Walisema maneno mazuri, tena ya kweli, nami sikusikia hata moja. Asubuhi ya nne akaingia Elieshi na chungu. Alikaa karibu yangu, akachota, akapuliza. Nikajua kwamba yule mtoto wa wiki tatu ndiye aliyeniletea chakula. Nililia sana, na sijawahi kumwona Mungu karibu namna ile.

Sasa umekuja kuniomba mistari ya kumsomea mwenzako wa Sekei aliyefiwa. Nitakupa, ni neno la Mungu na lina wakati wake. Lakini anza na moto na chungu. Usimweleze mtu mateso yake, mwanangu. Mungu hakuja kutueleza yetu, alikuja akayabeba. Na siku yakikufika wewe, usijitese kutafuta sababu. Yakabidhi kwa Kristo, ambaye mikono yake ina makovu, kisha ukae tayari, maana ipo nyumba ambayo hungejua kuiingia kama usingeumia.

Mungu wa Mama Ndekirwa na wa Elieshi akutangulie huko uendako. Akupe machozi ya kulia na wenzako, na siku ya msiba wako asikuache ule peke yako. Amina. Haya, lete kisu. Ndizi ni zile pale.