Tangazo la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Tusajigwe alikuwa na duka la steshenari Chimala, ng'ambo ya barabara kuu ukitokea stendi. Asubuhi alichapa barua za kuombea kazi na mitihani ya shule. Mchana, wateja wakipungua, aliandika habari za meli iliyopotea angani.

Meli yenyewe hakuibuni yeye. Ilitoka kwenye filamu za Wahamaji wa Zohali, alizozitazama tangu akiwa msichana kule Uyole, katika banda la video la mjomba wake, zikiwa zimetafsiriwa na msimuliaji mwenye sauti nzito ambaye hakuona shida kuongeza ya kwake. Filamu zilikuwa nne. Ya pili iliishia meli ikizima taa zote. Ya tatu ilianza miaka kumi na minane baadaye, watu wamezeeka, mpishi mkuu hayupo, na hakuna aliyesema kilichompata. Jambo hilo lilimkera Tusajigwe kwa miaka mingi. Aliwahi kusikia kwamba huko filamu zilikotoka kuna riwaya na katuni zinazosimulia yale yaliyorukwa, lakini Chimala hazikufika. Basi akaandika zake.

Hadi umri wake unafika miaka thelathini na minne alikuwa na vijitabu sita. Picha alizichora Adrian, mwalimu wa sanaa wa Kalenga, karibu na Iringa, waliyefahamiana kwenye kundi la simu la wapenzi wa filamu hizo. Adrian alichora kwa kalamu nyeusi, akapiga picha, akazituma. Tusajigwe akazipanga na maneno, akatoa kopi, akabana pini. Vijitabu vilisomwa Uyole, vikasomwa Iringa, na kuna wanafunzi waliobishana juu ya mpishi yule kana kwamba ni jirani yao.

Kitabu cha saba kilihusu maji. Ndani ya meli, kisima kimoja kinaingiwa na mayai ya mdudu asiyeonekana, na kila anayekunywa analala asiamke. Mpishi mkuu ndiye wa kwanza kugundua. Filamu hazikuwa zimetaja majina ya sehemu za meli, kwa hiyo Tusajigwe aliazima ya mitaa anayoijua, na kisima akakiita Kisima cha Mianzini, kama kile cha pampu kilichokuwa nyuma ya makazi yake. Alifurahi alipoliona jina hilo limeandikwa. Adrian naye alijituma. Ukurasa wa kumi na tisa aliuchora wote kama tangazo la serikali ya meli: nembo juu, muhuri wa mviringo chini, sahihi ya mganga mkuu, na katikati maneno makubwa kwamba maji ya Kisima cha Mianzini yasinywewe wala kuogewa mpaka itakapotangazwa tena.

Wiki mbili baada ya kitabu kutoka, siku ya Jumatano, Esnath aliingia dukani. Huyu alikuwa jirani yake wa Mianzini, muuza mchele, mama wa binti wa miaka sita aitwaye Goodness. Alikuwa amevaa kanga mabegani na ameshika simu.

"Dada Tusa, nitolee kopi hamsini za hii," alisema. "Tunataka kubandika. Wengine hawana simu, watakufa bila kujua."

Tusajigwe aliitazama simu. Ulikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Mtu alikuwa ameupiga picha na kukata ile sehemu ya juu yenye jina la kitabu na pembe ya chini yenye namba. Nembo ilikuwa na ukungu, haikujulikana ni ya nini. Muhuri ulionekana vizuri.

Alimrudishia simu. "Umeipata wapi?"

"Kundi la wafanyabiashara. Wanasema imetoka wilayani. Tangu juzi mimi sichoti pale. Kuna mtu amelala tangu Jumapili, ukimwita haitiki."

"Nani?"

"Simjui jina. Wanasema ni wa kule bondeni." Esnath alishusha sauti. "Wanaume wameapa, aliyetia hiyo sumu wakimpata hawampeleki popote. Wanamalizana naye palepale."

Hapo ndipo Tusajigwe alipotakiwa kusema. Maneno alikuwa nayo: hii ni hadithi, nimeiandika mimi, kitabu hiki hapa chini ya meza. Lakini akilini aliwaona hao wanaume mlangoni mwake, kabla hata hajafika kwenye neno hadithi.

"Mashine imeharibika," alisema.

Esnath akaguna, akaenda kutafuta duka lingine.

Tusajigwe alifunga duka saa tisa mchana, akapitia kisimani. Siku zote pale palikuwa na foleni ya ndoo na kelele za wanawake. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Mkono wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba na tawi la mti. Mbele kidogo, kwenye mfereji unaopeleka maji mashambani mwa mpunga, wanawake walikuwa wameinama wakichota. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Watoto walikunywa kwa viganja. Akapita kichwa chini, na kila aliyemwamkia alimwitikia bila kumtazama usoni.

Alimpigia Adrian akiwa amejifungia chumbani.

"Toka huko," Adrian alimwambia. "Njoo huku kwetu ukae siku mbili tatu. Litapoa lenyewe."

Asubuhi alipanda basi la Iringa, na vitabu thelathini vilivyobaki akavificha ndani ya begi chini ya nguo. Kalenga alipokelewa na mama yake Adrian, Mama Severina, aliyemsalimu kwa Kihehe, akampa chumba na uji, asimuulize kitu. Lakini woga alikuja nao. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, alisimama nyuma ya pazia. Simu ikilia, aliigeuza kifudifudi. Kundi la mtaa alilifungua mara kumi kwa saa, na kila alipolifungua tangazo lilikuwa limetumwa tena, safari hii na sauti ya mtu asiyejulikana akisema ameona maiti tatu.

Siku ya pili asubuhi walikuwa wameketi jikoni, Adrian akichambua maharage na mama yake, ujumbe ukaingia. Watoto tisa wa Mianzini walikuwa hospitali kwa kuhara na kutapika. Mmoja, Goodness binti Esnath, alikuwa na hali mbaya. Chini yake mtu ameandika: mnaona, ni kile kisima.

Tusajigwe aliusoma kwa sauti, kisha akasema polepole, "Si kisima. Ni mfereji. Wamekunywa maji ya mfereji kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yetu," Adrian alisema. "Muhuri niliuchora mimi."

Mama Severina, ambaye hadi hapo hakuwa ameuliza chochote, aliweka ungo chini. "Na leo wanachota wapi?"

"Mfereji uleule," Tusajigwe alisema.

"Basi mwanangu, unakaa hapa kufanya nini?"

Walirudi wote wawili siku ileile. Tusajigwe alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Danieli, akamweleza yote tangu Jumatano, akamwekea kitabu mezani na kukifungua pale penyewe. Mzee alikitazama, akatazama simu yake, akarudi kwenye kitabu.

"Ungeniletea hiki Jumatano," alisema.

"Niliogopa, mzee."

"Hata sasa ogopa. Lakini twende."

Watu zaidi ya mia walikusanyika kisimani kufikia saa kumi na moja jioni. Mzee Danieli alimsimamisha mbele yake, mkono wake begani, na Tusajigwe hakujua kama mkono ule unamlinda au unamshika asikimbie. Alisema kitabu ni chake na kisima ni cha hadithi. Alisoma kurasa tatu, ya kumi na nane, ya kumi na tisa na ya ishirini, pale mpishi anapobandika tangazo kwenye mlango wa chuma na nyota zinaonekana dirishani. Adrian aliinua kitabu kuonyesha picha. Kisha mwenyekiti akakata kamba, akapampu, Tusajigwe akajaza kikombe na kunywa chote mbele yao.

Mwanamume mmoja wa nyuma alisema, "Mtoto wangu yuko kwenye dripu kwa ajili ya sinema?" Mwingine akaokota jiwe. Mzee Danieli alimwita kwa jina la baba yake, akamwambia aliweke chini, na baada ya kitambo akaliweka. Mama mzee akasogea na ndoo yake, akapampu bila kumtazama mtu. Wengine wakafuata.

Polisi waliwachukua maelezo, yeye na Adrian, mpaka jua likazama, wakazuia vitabu vyote, wakawaachia kwa onyo kali na sharti la kuripoti. Aliyekata picha na kuirusha hakupatikana.

Kesho yake alikwenda wodini. Esnath alikuwa ameketi kando ya kitanda, Goodness amelala, midomo imepasuka, mkono umefungwa bandeji penye sindano.

"Nimesikia," Esnath alisema kabla hajasalimiwa. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Siku ile nilipokuja dukani, ulijua?"

Tusajigwe alitamani kusema hakuwa na uhakika.

"Nilijua."

"Mashine ilikuwa imeharibika?"

"Hapana."

Esnath aliinuka, akahamisha kiti chake upande wa pili wa kitanda, akaketi akiwa amempa mgongo. Tusajigwe alibaki amesimama. Kisha akaona chupa ya maji mezani imekwisha, akaichukua, akaenda kuijaza bombani na kuirudisha. Alifanya hivyo siku nne mfululizo. Siku ya tano Goodness aliomba uji, na siku ya saba watoto wote tisa walikuwa wamerudi nyumbani. Yule mtu wa bondeni aliyelala tangu Jumapili hakuwahi kuwepo.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Esnath humwitikia salamu kanisani, basi. Tusajigwe bado anaandika. Kitabu cha nane kimekamilika, na meli imefika kwenye mwezi wenye barafu ambao haufanani na mahali popote palipo na watu. Kila ukurasa una maneno "hii ni hadithi ya kubuni" katikati ya picha, si pembeni, na Adrian analalamika kwamba yanamharibia michoro. Tusajigwe hataki kuyatoa. Kijitabu hicho kimekaa kabatini bila kutolewa kopi tangu mwezi wa tatu. Siku nyingine hukitoa, akakisoma tena tangu mwanzo akitafuta mahali mtu anapoweza kukata kipande kimoja, kisha hukirudisha na kufunga kabati kwa ufunguo.