Meza Sita Zilizolowa

Babu yangu, mjomba wa mama, alikuwa mhudumu wa ukumbi wa chakula katika meli kubwa ya abiria iliyopita Mombasa, Dar es Salaam na Durban. Alishuka melini kabla sijazaliwa, lakini ukikaa naye chumba kimoja hapa mtaani Berea, mbali kabisa na bahari, utadhani ameshuka jana. Shuka analibana kitandani mpaka mguu hauingii. Mvua ikianza tu, anafunga madirisha kwa hasira, kana kwamba mawimbi yatatufikia ghorofa ya saba.

Nilipoitwa kwa majaribio katika mgahawa wa mama mmoja wa Kikongo kule mtaa wa La Rochelle, babu alifurahi kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimechoka kulinda magari ya watu barabarani, na ile kazi niliitaka sana. Akanifundisha siku tatu. Tembea umelegeza magoti. Usimtazame mgeni mdomoni. Kabla ya kupanga sahani, lowesha kitambaa cha meza zisiteleze. Nikaitikia yote kama mwanafunzi wa madrasa, na nilielewa kiasi hichohicho.

Siku ilipofika niliwahi, nikachukua jagi la maji, nikalowesha meza sita. Kazi safi, najisifu mwenyewe. Wageni wa kwanza walikuwa wazee wa kanisa wenye suti zilizopigwa pasi. Wakaketi, wakaweka viwiko mezani.

Mwenye mgahawa akaja mbio. "Juu ya nini unamwanga mayi ku meza?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba kwa maji hayo sahani hazitateleza. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nivue aproni.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia babu, nikitegemea amtukane yule mama. Akanigeukia mimi.

"Kitambaa kinaloweshwa bahari ikichafuka. Siku ya shwari ukilowesha, hata melini unafukuzwa. Wewe uliona mawimbi La Rochelle?"

"Hukuniambia, babu."

"Kuuliza si ujinga."

Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha nikamwona anatafuta koti lake. Lifti ya jengo letu ilikufa zamani, na goti lake halifai, kwa hiyo ngazi zile tulizishuka tukipumzika kila ghorofa, yeye akinitukana njia nzima.

Mgahawani hakuzungusha maneno. "Huyu nimemfundisha mimi," alimwambia yule mama. "Nilisahau kumwambia kwamba nyumba yako haitembei."

"Papa, ikala kwanza," mama alisema huku akicheka. Babu hakukaa. Alikuwa ameiona meza iliyopangwa ovyo, akawa anaisawazisha, uma, kisu, glasi, pole pole, bila kuangalia mikono. Wahudumu wawili waliacha kazi wakamtazama. Mama naye aliacha kucheka.

"Papa, kazi ntakupa weye."

Nilishikwa na hofu, na sioni haya kusema: niliogopa babu yangu mwenyewe atakubali. Aliutazama ule ukumbi kwa muda mrefu, meza moja baada ya nyingine. Kisha akainua glasi ya mwisho na kumnyooshea yule mama, nasi sote tukaona inavyotetemeka.

"Mikono yangu ndiyo hii," alisema. "Kazi iliyobaki ni ya huyu."

Mama akanirushia aproni. Niliifunga nikiwa nimegeukia ukuta, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.