Simu Iliyoita Ikiwa Imechomolewa

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Mimi nilikuwepo, mchana kweupe, hapa Goma, na simu yenyewe niliishika kwa mkono huu.

Kazi yangu ilikuwa kufunga na kutengeneza simu za mezani zinazopitia intaneti, majumbani. Mama Saidi wa mtaa wa Keshero alikuwa na moja sebuleni. Mlima wa volkano ulipolipuka na uji wa moto ukafunika nyumba yao ya zamani, mtoto wake Saidi, anayeishi Ubelgiji, alikaa kutwa nzima bila kujua kama wazazi wake wako hai. Ndiyo maana akawatumia simu hiyo. Halafu vita vikaja. Baba yake, Muzee Ramazani, dereva wa lori, alikwenda Masisi kuchukua maharage, na njia ya Sake, ya kurudi Goma, ikafungwa nyuma yake. Lori lilionekana limeungua. Yeye hakuonekana.

Siku moja Saidi akanipigia: simu ya mama inaita ovyo, akiinua hakuna mtu. Nikamwambia asihofu, ugonjwa huo naujua. Huko kwenye intaneti kuna mashini za wezi zinazobisha hodi kila mahali zikitafuta simu za kuibia salio. Zikibisha, simu inaita, lakini hakuna anayeongea. Dawa yake ni kuifunga simu isipokee chochote ila kinachopitia kwa kampuni yako. Nikaenda, nikaifunga, nikaijaribu. Ikawa sawa. Mama Saidi akanipa chai.

Kikombe hakijafika mdomoni, simu ikaita. Kioo hakikuonyesha namba. Nikachomoa waya wa intaneti. Ikaendelea. Nikachomoa umeme, kioo kikazimika kabisa. Ikaendelea kuita! Wewe ungefanya nini?

"Umeona sasa?" Mama Saidi akasema taratibu. "Saidi anazani niko na wazimu. Inua, papa fundi. Sikiliza."

"Si ulimwambia hakuna mtu?"

"Ningemwambia nini mutoto yangu?"

Nikainua. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, na sauti ya mwanaume aliyechoka ikauliza: "Mama Saidi, njia ilishafunguka?"

Nikampa mama ile simu. Akaiziba kwa kiganja.

"Kila siku anauliza vile. Namuambia bado. Hajue kama alikufa, ule mutu."

Sasa elewa: siku zile waasi walikuwa wameshaingia mjini, na njia ya Sake ilikuwa inapitika tena. Makala, mkaa wetu wa kupikia, yalikuwa yanashuka mjini, watu wanapita. Mama Saidi akanitazama, nami nikaona anachokiwaza.

"Mama, usimwambie. Tafazali."

"Papa fundi, nimechoka kumudanganya. Na nimechoka kukaa na kuta." Akaondoa kiganja. "Papa Saidi, njia ilishafunguka. Kuya sasa nyumbani."

Simu ikanyamaza. Mama akaingia jikoni akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, huku anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeletewa habari njema. Nikakusanya vifaa vyangu nikatoka.

Getini nilikutana na mwanaume anaingia. Shati lake lilinuka mpira ulioungua. Alipopita karibu nami nilihisi joto, kama mtu amefungua tanuri la mikate.

"Aksanti, fundi," akaniambia. "Sasa tunasikilizana muzuri."

Ilikuwa ile sauti. Jua lilikuwa linawaka, wanawake walikuwa wanapanda kutoka ziwani na vibido, yale madumu ya maji, na niamini, hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kumtazama. Nilikimbia. Sikutazama nyuma.

Kesho yake nilirudi na majirani. Mlango ulikuwa wazi. Mezani kulikuwa na sahani mbili za sombe, moja imeliwa, nyingine haikuguswa. Mama Saidi hakuwepo. Tulimtafuta hospitali, tukauliza mtaa wa Katindo, tukafika hadi Mugunga, kwenye njia ya Sake. Huko mwanamke mmoja anayeuza makala, aliyemfahamu tangu zamani, akasema alimwona asubuhi amepita upande wa Sake, amekaa mbele kwenye lori.

"Nilimupungia mukono. Hakunijibu."

"Lori la nani?"

"Si ni lile ya Muzee Ramazani," akasema. Halafu akasikia alichokisema, akaziba mdomo wake kwa kitenge.

Hajapatikana mpaka leo. Nilimweleza Saidi yote. Akakata simu. Siku iliyofuata akapiga tena, akaniomba nianze upya, polepole. Bado ananipigia. Anauliza mama alivaa nini, alikuwa anaimba nini, kama alionekana mwenye furaha. Najibu ninavyoweza. Kazi ya simu niliiacha, na usingizi nao uliniacha.

Wewe unayenisikiliza, hapa kwetu kila nyumba ina mtu ambaye hakurudi. Simu yako ikiita huku imechomolewa, iache iite. Na ukishaiinua, ukasikia sauti ya mtu uliyemlilia, usimwambie aje. Umwambie nini basi? Usiniulize. Mimi pia sijui.