Heshima na Tumbo la Mtoto

Asinibishie mtu, nilikuwapo mwenyewe kwenye wodi ya watoto hapa Ifakara, nikimuuguza mpwa wangu. Kwenye kitanda cha jirani alilala mtoto kutoka kijiji cha Mchombe, tumbo limevimba kama ngoma. Minyoo walikuwa wamejiviringisha wakaziba utumbo. Daktari alimwekea dripu na mpira puani, akamwambia mama yake, "Akijamba, njia imeanza kufunguka. Asipojamba hadi saa sita, tunapasua."

Saa sita akarudi. "Mama, amejamba?"

Mama alimtupia jicho mama mkwe wake aliyekaa mkekani. Mbele ya mkwe neno lile halitamkwi. Akajiziba mdomo kwa khanga. "Sijui, dokta."

"Hujui, na umemshika tangu asubuhi?"

Muuguzi akaanza kukisukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji. Ndipo yule bibi akaruka kutoka mkekani.

"Dokta, ngoja! Amejamba mara tatu, nimesikia kwa masikio yangu! Huyu ananiheshimu mpaka atanichanishia mjukuu!"

Daktari akaliminya tumbo, akalikuta limelegea, akaagiza kitanda kirudishwe.

Heshima ni kitu kizuri, wasomaji, ila haizibui utumbo. Nami nikiri kosa langu: bibi alisema mara moja. Hizo mbili nimeongeza mimi.