Maziwa ya Sadaka

Nilizaliwa Baleni kabla ya siku zangu kutimia, na mpaka naota ndevu sikulijua hilo. Nyumbani halikusemwa. Tulikuwa watu wenye minazi, asili yetu Omani kwa upande wa baba, na mama alilelewa akiamini kwamba sadaka sisi twatoa, hatupokei.

Enzi hizo za Mdachi walikuwapo pale kijijini wanawake, wake za wakulima wa mihogo, waliojitolea kwa ajili ya Mungu kuwatunza waja wazito. Mwanamke akifikia miezi ya hatari walimpokonya mchi na mtungi, wakamtwangia, wakamtekea maji, naye wakamwambia akae kitako. Mtoto akija mapema, wenye maziwa walimnyonyesha kwa zamu mpaka apate nguvu. Akipona, walifurahi kama waliomzaa wote.

Mimi nilikuwa kijana wa kutembea kifua mbele, bingwa wa mieleka, nilipompenda binti mmoja wa kisiwa cha Juani. Nilimwona mara chache, alipokuja Baleni na baba yake kuuza samaki, na kila akiniona alivuta ushungi mpaka machoni. Nilichoambulia ni vidole na kipande cha shavu. Vilitosha kuninyima usingizi. Baba akapeleka posa, ikakubaliwa.

Siku ya kupanga ndoa wazee wa pande zote mbili walikaa barazani kwetu pamoja na sheikh, na mimi nimevaa kanzu mpya. Wakaja wanawake wanne wa makamo. Mmoja wao akamwamkia baba.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba."

"Tuwieni radhi kuingilia mazungumzo yenu. Kijana huyu hawezi kumwoa yule binti. Wamenyonya ziwa moja."

Baba alicheka. "Ziwa gani? Mwanangu kanyonya kwa mamake."

"Mamake alikuwa na homa, hajitambui, na wewe ulikuwa safarini Kilwa. Huyu alizaliwa njiti, bwana. Tulimlaza kwenye ungo, tukamzungushia sufi apate joto. Marehemu mama wa binti alikuwa bado hajahamia Juani, naye ndiye aliyekuwa na maziwa mengi kuliko sisi. Alimnyonyesha siku nyingi, akashiba."

Baba aliacha kucheka. Akamwita mama, naye akajibu akiwa nyuma ya mlango.

"Ni kweli. Niliambiwa wapo waliomnyonyesha. Sikuuliza ni nani. Niliona haya."

Ndipo nikayasikia yote. Wanawake hao walikuja kumsaidia mama alipokuwa mja mzito, akawafungia mlango. Akatwanga mwenyewe mpaka uchungu ukamshika. Hata hivyo, nilipozaliwa wao wakarudi kunitunza.

Sheikh akatamka kwamba walionyonya ziwa moja ni ndugu, ndoa haipo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazee walinitazama na kanzu yangu mpya, nami nilijua kila mmoja wao ananiona ndani ya ungo. Baba wa binti alinishika bega kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. Kijijini nako wenzangu walipata la kusema. "Mleteni njiti tupigane mieleka, lakini mfungeni sufi kwanza asivunjike!" Nilimkasirikia mama. Niliwakasirikia na wale wanawake, kana kwamba wangeniacha nife ningeoa vizuri zaidi.

Haukupita muda mrefu baba akaniambia niende Juani kumjulia hali dada yangu. Alilitamka neno hilo, dada, bila kunitazama. Nilivuka maji nikiwa na kilo moja ya sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima.

Nilimkuta uani anasuka ukili wa mkeka. Nikasimama mlangoni, nikasubiri avute ushungi kama kawaida yake. Hakuvuta. Ulikuwa umemlegea mabegani na nywele zake zote ziko nje, zimesukwa mistari, na uso niliokuwa nikiuota mwaka mzima ukanigeukia mzima mzima, hauna haya yoyote, kwa kuwa mbele yangu hakuwa tena na sababu ya kujifunika.

"Shikamoo, kaka," akasema. "Karibu, keti."

Nikainamisha macho mimi.

"Marahaba," nikamwitikia.